Kidimbwi cha Nyumbani Sosiot: Matunzo na Mikosi Yake

Kidimbwi cha kuogelea cha nyumbani ni shimo lililojengewa kwa saruji, likabandikwa vigae, likajazwa maji ili watu waogelee. Sosiot, katika eneo la Belgut, kaunti ya Kericho, vidimbwi vya aina hii ni vya kutafutwa kwa tochi. Wazo la kuchimba kimoja huja kwa urahisi zaidi mwezi wa Oktoba, wakulima wa chai wanapolipwa bonasi na kila mtu kujihisi mhandisi. Uchimbaji wenyewe hauna mengi: udongo mwekundu wa huku ni mlaini na una kina, na vijana wenye majembe hawakosekani. Mambo huanza siku maji yanapojaa. Mwenye nyumba huuliza bei ya fundi wa kuja kila wiki kutoka Kisumu au Nakuru, hunyamaza kidogo, kisha hutangaza kwamba kazi hiyo ataifanya mwenyewe.

Miongozo mingi ya kazi hiyo imeandikiwa nchi za jua kali. Humo adui ni joto, maji hupungua kila siku, na mwenye kidimbwi hushauriwa awe na mpira wa kuongezea. Sosiot adui hutoka juu. Kidimbwi cha kawaida chenye urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha wastani cha mita 1.5 huchukua lita 48,000. Kila milimita moja ya mvua inayokiangukia huongeza lita 32. Kaunti ya Kericho hupata takriban milimita 1,400 hadi 2,100 za mvua kwa mwaka, kutegemea mahali. Mwaka wa milimita 1,800, basi, mbingu humimina lita 57,600 ndani ya shimo la lita 48,000. Hata yakiondolewa maji yanayopotea kwa mvuke, miezi ya mvua yanayobaki ni mengi, nayo hufurika na kuchukua kemikali zilizonunuliwa kwa risiti. Mwenye kidimbwi wa Mombasa hulipia maji. Wa Sosiot hulipia kuyakataa.

Ratiba ya mvua hiyo inajulikana. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Viktoria hupanda miinuko kuelekea Mau, hukutana na pepo za mashariki, na baada ya saa nane mchana radi huanza. Nyanda za Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, kiasi kwamba katika miaka ya 1960 roketi za baruti zilirushwa mawinguni Kericho katika jaribio la kuokoa chai. Mwenye kidimbwi hana roketi. Ana wavu wenye mpini mrefu, ambao aliutumia asubuhi yote kuondoa majani, na saa tisa husimama barazani akitazama mawe yakichana miti na kuyarudisha majani hayo, safari hii yakiwa vipande vidogo vinavyopenya wavu. Kanuni ni kusafisha jioni, mvua ikishapita. Kanuni hii haimsaidii mtu aliyealika wageni saa kumi.

Dawa kuu ni klorini. Ile ya punje, hipokloriti ya kalsiamu, huwa na klorini inayofanya kazi kwa asilimia 65 hadi 70, na lengo ni miligramu 1 hadi 3 katika kila lita ya maji. Kwa kidimbwi kilichotajwa, kupandisha kiwango kwa miligramu moja kwa lita huhitaji gramu 74 hivi za punje za asilimia 65. Kipimo hicho kinataka mizani ndogo. Katika nyumba nyingi za Sosiot kipimo kilichopo ni gorogoro ya mahindi, ambayo hubeba kilo mbili hivi, na mtu anayetia nusu yake kwa sababu “maji ni mengi” hupata miligramu 13 na ushei kwa lita. Dalili hujitokeza haraka: kaptura iliyoingia ikiwa buluu hutoka ikiwa kijivu, na shangazi aliyekuja kutembea hurudi kwake akiwa na macho mekundu na maoni.

Harufu kali ya kidimbwi hufasiriwa vibaya na karibu kila mtu. Mwenye nyumba huinusa, huamua klorini imezidi, na huacha kuitia kwa wiki mbili. Kumbe harufu hiyo hutokana na kloramini, ambayo ni klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo. Maana yake ni kwamba klorini iliyo huru imepungua, na kwamba miongoni mwa watoto waliooga Jumapili yuko ambaye hakutoka majini alipobanwa. Dawa yake ni klorini zaidi, kwa kipimo kikubwa cha mara moja, inayotiwa jioni wakati hakuna mtu wala jua. Jua la mwinuko wa karibu mita 2,000 ni kali hata siku ya baridi, na klorini isiyo na asidi ya sianuriki ya kuikinga inaweza kupotea nusu yake kwa saa moja hivi.

Kipimo cha pili ni pH, inayopaswa kukaa kati ya 7.2 na 7.8. Katika 7.2, karibu theluthi mbili ya klorini iko katika hali ya kuua vijidudu. Ikifika 8, hubaki robo hivi, na nyingine hukaa tu majini kama mgeni asiyejua jembe liko wapi. Mvua huvuruga hesabu hii kwa sababu maji yake yana asidi kidogo na hayana madini ya kuizuia pH isirukeruke. Ikishuka, hupandishwa kwa magadi, na hapa Kenya ina bahati: magadi yamechimbwa Ziwa Magadi, kusini mwa Nairobi, kwa zaidi ya miaka mia moja. Ikipanda mno, hushushwa kwa asidi. Mwenye pupa hutia magadi saa tatu, asidi saa nne, magadi tena saa tano, na kufikia adhuhuri maji yamekuwa meupe kama yaliyooshea mchele.

Mkosi mmoja hauna kicheko. Asidi na klorini hazikai ndoo moja wala rafu moja, kwa sababu zikikutana hutoa gesi ya klorini, ile iliyotumiwa kama silaha Ypres mwaka 1915. Punje na vidonge vya klorini vya aina tofauti navyo havichanganywi vikiwa vikavu, huweza kuwaka. Kemikali hutiwa ndani ya maji, wala maji hayamwagwi juu ya kemikali. Stoo ya mbolea, yenye paa linalovuja, si mahali pake.

Uchafu ulioshinda wavu huachiwa pampu na chujio la mchanga. Pampu huvuta maji, mchanga hushika takataka, na geji huonyesha shinikizo likipanda kadiri mchanga unavyoziba. Geji ikipanda kwa pauni 8 hadi 10 kwa inchi ya mraba juu ya kiwango cha chujio safi, mtiririko hugeuzwa ili mchanga uoshwe na maji machafu yatoke nje. Ugeuzaji hufanywa kwa mkono wa valvu, na pampu lazima izimwe kwanza. Asiyeizima hukata raba ya ndani, na tangu siku hiyo kidimbwi huvuja mahali ambapo hakuna anayepaona. Anayeizima lakini akaitwa ndani kunywa chai kabla ya kuurudisha mkono mahali pake huleta hasara ya aina nyingine: pampu ikiwashwa tena na mtu mwenye haraka, huendelea kwa bidii kuyatoa maji yote nje.

Nje, Sosiot, maana yake ni shamba la chai la mtu. Mchai hupenda udongo wenye asidi, pH ya 4.5 hadi 5.5 hivi, na hauna urafiki na chokaa. Maji yenye klorini na kalsiamu yakielekezwa kwenye safu zile zile kila wiki, majani hugeuka manjano na mazungumzo ya mpakani hubadilika. Maji haya yanafaa kuelekezwa kwenye shimo la mawe lililochimbwa mbali na chai na mbali na kisima. Wengi hulichimba baada ya mzee wa kijiji kuitwa.

Stima nayo ina tabia zake. Pampu inatakiwa kufanya kazi saa kadhaa kila siku, na radi ya alasiri huikata stima saa ile ile mvua inapoosha majani na tope kuingia majini. Ikirudi usiku, hakuna aliye macho wa kuiwasha pampu. Baada ya siku tatu za namna hii mwani huanza, kwanza kama utelezi ukutani, kisha ukijani hadi ngazi hazionekani. Baridi huuchelewesha, kweli, lakini huwachelewesha zaidi wanaopaswa kuingia majini kuusugua.

Rangi inayostahili kurasa nyingi zaidi katika eneo la chai ni ya kahawia. Huja kwa njia mbili. Kwanza ni majani, hasa ya mikaratusi, yakilowa siku kadhaa chini ya maji: hutoa tanini, na kidimbwi hugeuka strungi ya lita 48,000. Pili ni chuma. Maji ya kisima yenye chuma hutoka yakiwa maangavu kabisa, mwenye nyumba huyasifu mbele ya wageni, kisha hutia klorini ili kuyakamilisha. Klorini hukigeuza chuma kuwa kutu, na ndani ya saa chache maji yameiva. Kuzitofautisha si kazi: klorini ikiongezwa na rangi ikafifia, ni majani, rangi ikikolea, ni chuma. Wengi hufanya jaribio hili bila kukusudia. Chuma kikishageuka kutu hukusanywa kwa shabu, ambayo huyagandanisha machembe na kuyatelemsha chini usiku kucha pampu ikiwa imezimwa. Asubuhi tope hufyonzwa polepole kwa brashi ya bomba, na maji yake hutolewa nje bila kupitia chujio. Mtoto akiruka ndani saa hiyo, shughuli huanza upya.

Kisha wapo wanyama. Vyura hawahitaji mwaliko. Huingia usiku, hukuta kuta wima, na huimba hadi alfajiri kwa kukosa pa kutokea. Ubao mmoja ulioegemezwa ukingoni huwatoa. Ng'ombe ni suala jingine. Kwa ng'ombe wa Kericho, maji yaliyotulia juu ya ardhi ni ya kunywa, na mtamba anayeteleza kwenye vigae huingia mzima mzima. Mtamba huogelea vizuri, pengine kuliko mwenye kidimbwi, lakini ngazi za chuma hazikutengenezewa kwato. Hufukuzwa taratibu hadi upande wa kina kifupi, akapitishiwa mikanda mipana chini ya tumbo, na kuvutwa na watu wengi iwezekanavyo, ambao kwa kawaida wameshafika.

Ikifikia hapo, mwenye nyumba hutamani kuyamwaga maji yote na kuanza upya. Katika msimu wa mvua hili ndilo kosa ghali kuliko yote. Maji yaliyojaa ardhini huusukuma msingi kutoka chini, na kinachouzuia ni uzito wa maji yaliyo ndani, tani 48 kwa kidimbwi hiki. Yakiondolewa, saruji huweza kupasuka au kidimbwi kizima kuinuka kutoka shimoni, hasa kwenye viwanja vya mabondeni. Humwagwa wakati wa kiangazi, Januari au Februari, baada ya kuchunguza maji ya ardhini yako wapi.

Kuhusu kuogelea kwenyewe, maelezo ni mafupi. Mashindano ya kimataifa hutaka maji ya nyuzi 25 hadi 28. Katika mwinuko huu, kidimbwi kisicho na kipasha joto hakifiki huko, na baada ya mvua ya mawe hushuka zaidi. Watoto huvumilia dakika kumi. Watu wazima huingiza mguu, huusifu mradi, na kurudi motoni.

Ndipo ushauri wa majirani, wa kufuga samaki, unapoanza kusikika kuwa wa busara. Mwaka 2009, kupitia Mpango wa Kuchochea Uchumi, serikali iligharimia mabwawa 200 ya samaki katika kila moja ya maeneo bunge 140, kila bwawa likiwa la mita za mraba 300, na tangu hapo maji yaliyochimbiwa shimo huulizwa swali moja: “Mzee, samaki wataanza kuuzwa lini?” Kubadilisha matumizi kunawezekana, mradi klorini iachwe iishe kabisa kwanza. Tilapia, hata hivyo, hutaka maji ya nyuzi 25 na zaidi. Chini ya 20 hula kidogo, hukua kidogo, na hubaki kimo cha kidole msimu baada ya msimu. Trauti huyapenda maji baridi, lakini hutaka yatiririke bila kukoma na yawe na oksijeni tele, kwa hiyo pampu, iliyokuwa ikifanya kazi saa kadhaa kwa siku, sasa itafanya kazi saa 24.