Barua ya Wazi kwa Wakubwa wa Afya Wanaopenda Kututafiti

Waheshimiwa,

YAH: OMBI LA KUTAFITIWA TENA

Salamu kutoka wodini, na poleni kwa majukumu. Sisi wagonjwa ambao ndugu zetu wameshaambiwa waturudishe nyumbani "tukapumzike" tunawashukuru kwa utafiti wenu wa juzi.

Mtafiti alifika na kishikwambi mkononi, kitambulisho shingoni na adabu zake zote. Akatuamkia, akatusomea fomu ya ridhaa, tukaweka dole gumba. Kisha akatufundisha kipimo cha mkono: ngumi ni kutosikia maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Mzee wa kitanda cha dirishani, ambaye saratani imemfika kwenye mifupa, akanyanyua vitano. Mtafiti akaandika tano, akashukuru. "Na dawa je, mwanangu?" mzee akauliza. Akajibiwa kwa upole kwamba dawa haimo kwenye bajeti ya utafiti.

Hatulalamiki. Tunaelewa kwamba ushahidi bado hautoshi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutuliza maumivu ya saratani mwaka 1986, yaani juzijuzi tu. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukazitaka nchi ziingize tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso ya wagonjwa kama sisi, katika huduma zake za afya. Mwaka 2017 tume ya jarida la Lancet ikasema kwamba katika tani 298.5 za dawa za maumivu za jamii ya mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini ziliambulia tani 0.1. Huenda mizani yao ilikuwa mbovu. Tupimwe upya.

Tena msidanganyike na Waganda. Tangu Dk. Anne Merriman aanzishe Hospice Africa Uganda mwaka 1993, wenzetu wanakoroga unga wa mofini kwa maji, wanautia kwenye chupa, na mgonjwa anakunywa kila baada ya saa nne akiwa kwake, wajukuu wakimzunguka. Mwaka 2004 wakazidisha: sheria ikaruhusu hata wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini. Sasa ukishampa mgonjwa dawa, semina utaifanya juu ya nini?

Ile hofu yenu kwamba mofini itatuzoesha ulevi tunaiheshimu pia. Mtu aliyebakiza wiki tatu duniani lazima alindwe, asije akawa teja uzeeni.

Kwa unyenyekevu, basi, tunaomba haya:

1. Utafiti ujao uharakishwe, maana wahojiwa wanapungua bila kuaga.

2. Matokeo yasomwe hapa wodini badala ya hoteli ya ufukweni. Kiyoyozi hatuna, lakini mifano hai mtaipata, kwa sasa.

3. Posho ikibaki baada ya chai na vitafunwa, inunue mofini.

Na kama yote hayo ni mazito, lipo jepesi. Agizeni ule unga wa mofini, wafundisheni wauguzi wetu kuutumia, kisha wapeni ufunguo wa kabati. Maumivu ya mzee yameshaandikwa, sasa yatibiwe.

Wenu katika ujenzi wa takwimu,

Wahojiwa