Ombi la Kichura: Barua ya Wazi kwa Kamati ya Shule

Ndugu Mwenyekiti na Wajumbe,

YAH: PONGEZI KWA KUMALIZA TATIZO LA UWANJA

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mzazi wa mtoto wa darasa la sita. Juzi nilipita shuleni nikakuta uwanja wa mpira umezaa fremu kumi na mbili za maduka. Hongereni sana. Palipokuwa goli la upande wa barabarani sasa panauzwa makava ya simu. Kipande kilichobaki ni maegesho, na watoto bado wanaweza kucheza mdako katikati ya magari, mradi kete isirukie kioo cha mtu.

Najua wapo wakorofi watakaowaletea habari za Shirika la Afya Duniani, kwamba tangu 2020 linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 auchezeshe mwili wastani wa dakika 60 kwa siku, na walau siku 3 kwa wiki afanye mazoezi ya kumtoa jasho na ya kukomaza misuli na mifupa. Wajibuni kwamba shule yetu haidaiwi. Asubuhi konda akiona sare za shule anaondoa gari, kwa hiyo watoto wanakimbiza daladala tatu mpaka nne kabla ya kupata moja: hiyo ndiyo pumzi. Begi la madaftari kumi na mawili ni mgongo. Dumu la maji ya kumwagilia maua ya ofisini ni mikono. Aliyechelewa anarushwa kichura kuzunguka mlingoti wa bendera, na hapo mapaja, magoti na mapafu vyote vinapata haki yake.

Sisi wa zamani tulipotezewa muda. Tulikuwa na mchakamchaka, tena wa kuimba, na jioni rede: wawili wanarusha mpira wa soksi, wa katikati anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa. Mabingwa walikuwa wasichana. Nao ndio walioruka kamba mpaka adhana ya magharibi, bila kujua kwamba kule kudunda ndiko kunakokomaza mifupa. Leo msichana akifika darasa la saba anaambiwa kukimbia si adabu. Anakaa chini ya mwembe, ametulia, anasifiwa.

Kuhusu kipindi cha michezo kugeuzwa cha hisabati, sina ubishi. Mtihani wa darasa la saba hauna swali la mbio. Na medali za Olimpiki tunazo mbili tayari, za fedha, walizoleta Filbert Bayi na Suleiman Nyambui kutoka Moscow mwaka 1980. Nchi isiyo na tamaa itataka ya tatu ya nini?

Shida yangu ni moja tu. Mazoezi yenu mazuri kuliko yote hupewa wakosaji peke yao. Mwanangu anawahi, hapigi kelele, sare yake safi. Kwa hiyo tangu Januari hajaruka hata mara moja. Naomba aandikiwe makosa matatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kabla jua halijawa kali. Kichura ishirini zitatosha kwa kuanzia. Kama kuna ada ya fomu, niambieni nilipie fremu namba ngapi.

Wenu mtiifu,
Mzazi