Foleni Yangu Wameipeleka Wapi?

Jirani, sogea kidogo hapo kwenye benchi nikwambie. Unaiona hii barabara? Njia nane. Kimara mpaka Kibaha, kilomita 19.2, lami tupu. Kila mtu anashangilia. Mwenye kigari chake anashangilia, dereva wa lori la Congo anashangilia, konda wa Mbezi ndiyo usiseme. Mimi peke yangu nimenuna. Mama watoto ananiuliza una nini, nasema tumbo. Tumbo wapi! Foleni. Wamenichukulia foleni yangu.

Usicheke, sikiliza kwanza. Zamani ilikuwa njia moja ya kwenda, moja ya kurudi, na hapohapo ndiyo mlango wa nchi nzima. Basi la Mwanza humo, la Arusha humo, lori la Zambia humo, daladala la Kibamba humo, na mimi humo, nimening'inia mlangoni, kwapa la mtu puani. Tabu, sikatai. Lakini ile foleni ilikuwa inanitunzia heshima. Nikichelewa kazini Kariakoo, bosi hafungui mdomo. "Mbezi?" "Mbezi, bosi." Anatikisa kichwa, ananionea huruma. Kumbe mimi nimeamka saa mbili. Jioni nikipitia mahali kupata mbili tatu na washkaji, nikaingia nyumbani saa nne usiku, mama watoto ananitengea maji ya kuoga. "Pole baba watoto. Foleni?" Nakohoa kidogo. "Acha tu, mama." Na kuku napewa paja.

Halafu 2017 watu wa barabara wakaja na rangi nyekundu. X hapa, X pale. Mita 121.5 kutoka katikati ya barabara, kila upande. Watu walilia, na wapo wanaolia mpaka leo, hapo sitanii. Mimi nikajiona mjanja, mpangaji ana ukuta gani wa kubomolewa? Kilichonisumbua ni ile nusu mita. Mia na ishirini na moja nimeielewa, nusu ya nini? Nikamwuliza mwenye nyumba. Akanitazama sana, akaninyooshea kidole uani. Nusu mita ilikuwa imelala kwenye choo chetu. Choo kikaenda. Nyumba nzima tukawa tunapanga mstari kwa jirani, kila mtu na kopo lake, na mwenye choo anatusalimia kwa majina. Ile nayo foleni, lakini haikusaidii kitu kwa bosi.

Desemba 2018 likawekwa jiwe la msingi. Bilioni 140 na ushee, wakasema, fedha za ndani. Niliposikia fedha za ndani nikashika mfuko wa suruali. Mangi mwenye duka hili akaniona. Akaniuliza, kama zipo, mbona daftari lake limejaa jina langu? Tukaacha kuongelea maendeleo.

Basi greda likapita, vumbi likapita, lami ikamwagwa. Magari yakaanza kukimbia. Ndiyo shida ikaanza. Asubuhi nafika ofisini nimechelewa, natoa pumzi ile ya kawaida. "Foleni, bosi." Bosi anatoka Kibaha! Ananitazama kama hanijui. "Mimi natoka mbali kuliko wewe. Nimefika, chai nimekunywa." Nikahamia mataa ya Ubungo. Akasema mataa gani, toka Februari 2021 pale kuna Daraja la Kijazi, magari yanapita juu kwa juu. Nikaona nijitetee na Tazara. Ofisi nzima ikageuka. Mtu wa Mbezi anayekuja Kariakoo, Tazara anaifuata nini? Na Tazara penyewe kuna daraja la juu tangu 2018. Huyu bosi hakai nyumbani jamani? Madaraja yote anayajua!

Nikajaribu ukweli, maana uongo ulikuwa umeisha. Nikamwambia shida ni kuvuka. Na hapo jirani sidanganyi. Kituo changu cha kwenda mjini kiko ng'ambo. Zamani nilikuwa napita katikati ya magari yaliyosimama, nawasalimia madereva, nanunua karanga humohumo. Sasa nasimama kwenye zebra nimeshika kifuko changu. Gari la njia ya kwanza linasimama, dereva muungwana, ananipungia mkono. Naingia. Kumbe la njia ya pili halinioni, limezibwa na la muungwana. Fyuuu! Narudi kinyumenyume. Muungwana amechoka, ameondoka. Naanza upya. Nikifika kwenye ukingo wa katikati napumzika, maana safari bado nusu, na kule bodaboda anakuja upande usio wake na hana habari na mtu. Wanasema 50 kwa saa, na trafiki yupo na tochi yake. Yupo, lakini si pale ninapovukia mimi. Siku moja watoto wa shule, sare zao na mabegi mgongoni, wakanikuta nimeganda. Kasichana kakanishika mkono. "Anko usiogope, tazama kulia tu." Wakanivusha. Abiria wote kituoni wanatazama. Konda akawapigia makofi. Wale watoto!

Bado nilikuwa na tumaini moja. Kimara. Pale njia nane zinabanwa, mnaingia kwenye ile ya zamani, njia mbili kwenda na mbili kurudi, katikati yamekaa mabasi ya mwendokasi. Foleni ipo pale, tena nono! Nikampigia bosi kwa furaha, nikatoa simu dirishani asikie honi. Akaniambia nishuke nipande mwendokasi, lina njia yake. Akakata.

Sasa nyumbani. Mama watoto naye kapiga hesabu, kazi naachia saa kumi na nusu, nyumbani saa moja haizidi. Wewe unaniona hapa kwa Mangi kila jioni, unadhani napenda? Navuta muda, mwanaume huwezi kuwahi nyumbani kila siku mpaka kuku wakushangae. Nilichagua hapa ng'ambo makusudi. Sikufikiria kitu kimoja. Zamani pale mbele ya nyumba kulikuwa na maduka, na maghorofa, na mabango. Vyote walivunja. Kutoka barazani kwetu mpaka kwenye benchi hili ni weupe mtupu, na yule mwanamke ana macho ya mwewe.

Ngoja kwanza, simu inaita. Ni binti yangu.

"Haloo, mwanangu... Niko kwenye foleni... Eeh, foleni kubwa..."

Anasema mama anauliza, hiyo foleni yenye soda ya Mangi itaisha saa ngapi.