Maziwa Yalipofurika, Bibi Akaja Ukumbini

Mtoto wa miezi minne ndiye anayepanga saa za nyumba yetu ya Tandika. Akilala tunapika, akiamka tunaepua. Likizo yangu ya uzazi, zile siku 84 za kisheria, ilikuwa imekwisha. Mume wangu alipata siku zake 3, nazo zilikatika kabla hata kitovu cha mtoto hakijadondoka. Tangu niliporudi kazini tukawa watu wa kupokezana mtoto mlangoni, mmoja akiingia, mwingine akitoka. Maneno yetu yalikuwa ya nepi, joto la mwili na maji ya kuoga. Tulikuwa tunapendana, lakini hatukuwa na mahali pa kukaa tukaonana.

Ndipo likaja tangazo kwamba bendi za dansi, Msondo na Sikinde, zingepambana Jumamosi, ukumbi mmoja, Chang'ombe. Kwetu hilo ni jambo zito. Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ya Msondo. Marehemu baba aliifuata bendi hiyo tangu ikiitwa NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Ikawa Juwata, ikawa OTTU, na yeye akabaki nayo. Mume wangu ni wa Sikinde damu, yaani Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978. Tulipochumbiana tulibishana kila mwisho wa wiki, na hoja iliyotupatanisha ilikuwa Muhidin Gurumo, mzee aliyeimba NUTA tangu mwanzo, akahamia Mlimani Park ilipoanza, kisha akarudi Msondo. Kama Gurumo aliweza kukaa pande zote mbili, na sisi tungeweza kukaa nyumba moja.

Ruhusa tuliiomba kwa mama mkwe baada ya chakula cha jioni. Amekaa nasi tangu nijifungue, na bila yeye sijui ningekuwa wapi.

"Nendeni," alisema. "Ila mjukuu wangu atanyonya nini?"

Kliniki walikuwa wametusisitizia kwamba hadi miezi 6 mtoto anywe maziwa ya mama peke yake, na mama akiwa mbali akamue, mtoto anyweshwe kwa kikombe. Kwa hiyo nilikuwa nikiamka alfajiri, nyumba ikiwa kimya, nakamua kwa mkono na kuweka kwenye friji. Anayejua kazi hiyo anajua kwamba kila kijiko kina jasho lake. Jumamosi jioni nikamwelekeza wifi yangu: yasiguse moto, ayaweke kwenye kikombe, kikombe akitumbukize ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu. Wifi akaitikia. Nikavaa gauni la kabla ya mimba, mume wangu akanyoosha shati lake jeupe, tukapanda bajaji.

Mpenzi wa muziki wa dansi hahitaji kusimuliwa, lakini kwa ambaye hajawahi kusimama mbele ya jukwaa, nitasema. Wimbo unaanza taratibu. Waimbaji wanasimama mstari mmoja, wanakupa kisa: ndoa iliyoyumba, ndugu aliyesahau kwao, mlezi asiyeshukuriwa. Magitaa yanajibizana, besi inapita chini yake, tarumbeta na saksafoni zinaingia pale maneno yanapopumzika. Unasikiliza kwanza, kama unavyomsikiliza mtu mzima. Kisha tumba inabadilika, linaingia chemko, na ukumbi mzima unainuka. Mume wangu alinishika mkono tukainuka nao. Kwa mara ya kwanza tangu uzazi niliusikia mwili wangu ukiwa wangu, na nilimwona yule kijana aliyekuwa akinisubiri kituoni na tiketi mbili mfukoni.

Simu ikatetemeka kwenye mkoba.

"Wifi, maziwa yamechemka."

"Yamechemka vipi?"

"Nilikuwa bafuni. Mama kayabandika jikoni kama ya ng'ombe. Yamefurika yakamwagika yote. Na mtoto ndiyo huyo unamsikia."

Nilimsikia. Matiti nayo yalimsikia, gauni likalowa palepale. Mume wangu alikuwa ameshaanza kutafuta njia ya kutokea wifi aliposema, "Msije, tutapishana. Sisi tumeshapanda bajaji."

Tuliwakuta ng'ambo ya barabara, mbali na spika. Mama mkwe alikuwa amejifunga khanga, mjukuu kifuani, kiganja chake kimeziba sikio la mtoto. Wifi amebeba mkoba wa nepi na taulo. Niliingia kiti cha nyuma, nikampokea, akanyonya kwa haraka ya mtu aliyedhulumiwa. Dereva alishuka, akatugeuzia mgongo, na kila abiria aliyekuja alimwambia chombo kina watu. Kijana huyo Mungu amlipe.

Mama mkwe hakuweza kunitazama. "Mwanangu," alisema, "nimelea watoto sita. Maziwa hayaingii mdomoni mwa mtoto wangu bila kuchemshwa. Nimeyaharibu ya jasho lako."

"Mama, ulikuwa unamkinga mjukuu wako. Maziwa yatakuja mengine."

Na nilimaanisha. Mkono ulioyabandika yale maziwa ndio ulionikanda kwa maji ya moto nilipokuwa siwezi kuinuka kitandani.

Saksafoni ikavuka ukuta. Mama mkwe akainua uso. Wimbo ulikuwa wa enzi za Juwata, na alijua kila mwimbaji anaingilia wapi.

"Huu nimeucheza kabla sijaolewa," alisema. "Nilipomzaa mumeo sikutoka tena. Siyo kwamba nilikatazwa. Hakutokea wa kuniambia nenda, mtoto ninamshika mimi."

Nilimtazama mume wangu. "Mpeleke mama ndani," nikamwambia.

Alikataa, akasema khanga zake ni za nyumbani. Wifi akafungua mtandio wake akamtupia begani. Wakaingia, mtu na mwanawe, na wifi aliyewachungulia getini akarudi akilia kwa furaha: mama yuko mbele ya jukwaa, anacheza polepole na kwa adabu, na amembandika mwimbaji noti kwenye paji la uso. Walipotoka, jasho linamtiririka, mtoto alikuwa ameshashiba na kulala. Mama mkwe akamchukua, akapanda bajaji.

"Sasa rudini mkamalize usiku wenu. Sisi tunakwenda kulala."

Tulirudi, tukacheza hadi bendi zilipofunga. Njiani kuelekea nyumbani tuliongea mambo ambayo hayakuwa na nepi ndani yake: woga wake wa kuwa baba, uchovu wangu ambao sikuwa nimemweleza, na nani kashinda mpambano. Hilo la mwisho bado hatujakubaliana.

Siku hizi, mwisho wa mwezi, nyumba yetu inatoka kwa zamu. Zamu moja ni yetu, zamu moja ni ya mama mkwe na binti yake, na anayebaki anapasha maziwa kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu. Mama mkwe mwenyewe ndiye anayewafundisha majirani. Viingilio tunalipa kwa moyo, kwa sababu bendi za jukwaani zinaishi kwa watu wanaofika mlangoni.

Mila zetu zinamtunza mzazi kwa siku arobaini: supu, khanga, sabuni, maji ya moto. Baada ya hapo wageni hupungua, na mume na mke hubaki wakipishana mlangoni. Basi ewe unayekwenda kumpongeza mzazi mpya, ukishamkabidhi khanga muulize ni jioni gani uje umshikie mtoto. Ukishaambiwa, fika mapema.