Jinsi ya Kuigawa S ya Kiingereza Bila Ugomvi

Wewe unayesema "vikombe vyangu viwili vyeupe vimevunjika" bila hata kukunja uso, leo unafundwa upatanisho wa kisarufi wa Kiingereza. Usitetemeke. Katika wakati uliopo, urithi wenyewe ni karibu herufi moja tu: S.

Igawe kwa haki. Nomino ikiwa ya wingi, S ni yake na kitenzi kinabaki mikono mitupu: "the dogs bark." Ikiwa ya umoja, kitenzi ndicho kinachopewa: "the dog barks." Ukizipa pande zote mbili, umefuja mali. Ukizinyima zote, hamia Norfolk, mashariki mwa Uingereza, ambako lahaja ya wenyeji husema "she go" na hakuna anayefariki. Msahihishaji wa mtihani wako, kwa bahati mbaya, si mwenyeji wa huko.

Jihadhari na matapeli. "News" ina S lakini ni ya umoja. "Police" haina S, ila daima ni wengi, jambo ambalo makondakta wa daladala wamelijua siku nyingi. "Everyone" ni umati mzima unaohesabiwa mtu mmoja, ilhali "you," hata ukiwa peke yako chumbani, unahesabiwa kundi. Waungwana wa Uingereza wa karne ya 18 walijaribu kurekebisha hilo kwa kusema "you was"; Robert Lowth, kasisi aliyekuja kuwa askofu wa London, akawakemea katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1762. Tangu hapo adabu imerudi, hesabu haijarudi.

Kuhusu timu, uliza kwanza msahihishaji alisomea wapi. Mwingereza ataandika "Arsenal are," Mmarekani "Arsenal is." Huyo Mmarekani asikutishe: Katiba yake, inapoeleza uhaini, inaitaja nchi yake kwa wingi.

Kwenye "either" na "or," mwenye sauti ni aliye jirani na kitenzi. Mbuzi wengi wakitangulia na ng'ombe mmoja akafuata, ng'ombe ndiye anayeamua.

Ukishindwa kabisa, kimbilia wakati uliopita. "Barked" haimuulizi mtu idadi yake. Epuka tu "was" na "were," kisha andika hata barua ya kuomba kazi kwa mtindo huo, ukijiandaa kumweleza mwajiri kwa nini ujuzi wako wote uliisha zamani.