Kopa Huku, Lipa Kule: Mwongozo kwa Mgeni wa Mbulu na Hanang

Hongera kwa kupangiwa kituo Katesh, au Haydom, au Dongobesh, au shule yoyote ile ambayo basi huishia kabla hujafika. Umeshaonyeshwa chumba, umeshaonyeshwa Mlima Hanang, na pesa ya kujikimu bado iko njiani. Kabla jua halijazama mtu atakuuliza kwa upole kama huna shida ndogondogo. Huyo ni wa kwanza. Wapo wengi, na mwongozo huu umeandikwa ili uweze kudaiwa na wote kwa wakati mmoja bila kuchanganya majina yao.

Tuanze na kadi. Shemeji yako aliyeko Marekani amekusimulia kwamba watu wa huko wana kadi nne tano za mkopo, kila moja na kiwango chake na riba yake, na kwamba ujanja wote ni kujua ipi ilipwe kwanza. Wanalalamika kwamba riba imepita asilimia 20 kwa mwaka. Kwa mwaka! Wape pole, halafu tuendelee na ya kwetu.

Kadi iliyo mfukoni mwako ni ya kutolea pesa yako mwenyewe, kama ipo. Usikate tamaa, hata hiyo inakopesheka. Tofauti ni kwamba huku anayemiliki kadi nyingi ni mkopeshaji. Utaelekezwa nyumba ya mama mmoja, au baba mmoja, ambaye hana bango wala leseni ukutani, na mazungumzo yatakuwa mafupi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Karibu, keti. Kiasi gani?"

"Laki tatu tu, mama."

"Umekuja na kadi?"

Hatakuuliza unakwenda kufanyia nini, na hilo pekee litakufanya umpende. Kadi yako inaingia kwenye kopo la maziwa ya unga pamoja na za wenzako, na nyuma yake inabandikwa plasta yenye namba yako ya siri, ile ambayo benki ilikuonya usimpe hata mama mzazi. Mishahara ikitoka utamkuta kwenye foleni ya mashine ya benki akiwa na furushi lililofungwa kwa rababendi. Anachomeka, anatoa, anachomoa, anachukua inayofuata. Watu wa nyuma wanaguna lakini hakuna anayemwambia kitu, kwa kuwa nusu yao kadi zao zimo mle. Jioni atakuletea kilichobaki, au salamu.

Utumishi wa umma una kanuni nzuri kwamba makato ya mshahara yasimwache mtumishi na chini ya theluthi moja. Benki inaiheshimu, ndiyo maana ukifika pale na makato yako yamejaa wanakurudisha nyumbani. Mama mwenye kopo anaijua kanuni hiyo vizuri kuliko afisa utumishi. Theluthi iliyokatazwa kuguswa ndiyo biashara yake nzima.

Kwenye simu mambo ni ya staha zaidi, maana hakuna anayekuona. Tangu mkopo wa M-Pawa uanze mwaka 2014 kila mtandao umejipatia wake. Airtel wana Timiza, Tigo walileta Nivushe kabla hawajageuka kuwa Yas, na Songesha ya Vodacom inakumalizia muamala pale salio linapopungua, kisha inajikata yenyewe pesa ikiingia. Mwenye laini tatu ana wakopeshaji watatu, na hakuna hata mmoja anayelala. Utaanza na elfu tano. Ukirejesha mapema utaletewa ujumbe wa pongezi kwamba sasa unafaa elfu kumi, kisha ishirini na tano, kisha hamsini. Mgeni huupokea ujumbe huo kama mwanafunzi aliyepandishwa darasa, anauonyesha hadi ofisini kwa walimu. Tusimharibie furaha kwa kumweleza kwamba kiwango hicho hakisemi lolote kuhusu uwezo wake. Kinasema tu kwamba hadi leo hajakimbia.

Chukua mkopo wa simu wa laki moja wenye ada ya asilimia 9 kwa siku 30. Asilimia 9 ni ndogo, hata fungu la kumi kanisani linaizidi. Siku ya 30 inafika huna kitu, basi unakopa 109,000 kwenye laini ya pili kufukia shimo la kwanza. Mwezi unaofuata ni zamu ya laini ya tatu, kisha unarudi kwenye ya kwanza, ambayo imekuongezea kiwango kwa uaminifu wako. Ukizungusha hivyo mwaka mzima, bila kula hata shilingi moja ya nyongeza, ile laki itakuwa imefika 281,000. Shemeji wa Marekani, na riba yake ya asilimia 20 anayoililia, angekuwa anadaiwa kama 122,000. Mwambie aje atembee.

Ukiona laini zimejaa, zipo programu za mikopo za kupakua kwenye simu janja. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya 69 zinazokopesha bila leseni, ikazipiga marufuku, kwa hiyo ukikutana na ngeni jitahidi kudhani ni ya 70. Raha yake ni wepesi. Haitaki barua ya mtendaji, haitaki picha ndogo, inaomba tu ruhusa ya kusoma majina yaliyomo simuni. Ukibonyeza ndiyo, umeipa wadhamini mia tatu ambao hawajui kwamba wamekudhamini. Siku utakayochelewa, ujumbe utamfikia mkuu wa shule, katekista, baba mkwe na yule fundi pikipiki wa Endasak uliyehifadhi namba yake siku moja tu tairi lilipopasuka. Kuanzia hapo hutahitaji tena kujieleza kwa nini hukuchangia harusi.

Sasa twende kwenye ofisi zenye meza. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wale wasiopokea amana, riba isiyozidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Hapa mgeni anatulia: serikali ipo. Ipo kweli, ila muulize afisa mikopo swali moja, kwamba hiyo asilimia 3.5 inapigwa kwenye deni la mwanzo au kwenye lililobaki. Umekopa 1,200,000 kwa miezi 12, unarudisha laki ya mtaji kila mwezi. Ikipigwa kwenye kilichobaki, riba ya mwezi wa kwanza ni 42,000, ya mwezi wa mwisho 3,500, na jumla yake 273,000. Ikipigwa kwenye deni la mwanzo ni 42,000 kila mwezi hadi mwisho, hata pale unapodaiwa laki moja tu, jumla 504,000. Karatasi zote mbili zitaandikwa 3.5. Ukiuliza swali hilo afisa atainua macho kwa mara ya kwanza tangu uketi.

Wengine hawana meza wala asilimia. Wanakupa 100,000, unarejesha 130,000 ndani ya mwezi, kidogo kidogo kila siku. Hao ndio kausha damu. Mgeni mwenye hesabu atasema ni asilimia 30. Lakini kwa kuwa umeanza kurejesha kesho yake, hukukaa na ile laki mwezi mzima, kwa wastani ulikaa na nusu yake. Bei halisi ya pesa hiyo inakaribia asilimia 60 kwa mwezi, na bado utawasikia watu wanasema mama fulani ana riba nafuu.

Kalenda ya kausha damu haina habari na kalenda ya shamba. Jirani yako analima ngano huko Basotu au vitunguu saumu Mbulu, pesa yake inaingia mara moja kwa mwaka, mvua ikitaka. Rejesho linamtaka kila siku saa nne. Ndipo anapotokea muungwana mwingine, mwenye lori, anayenunua mazao yakiwa bado shambani kwa bei ambayo wote wawili wanaona haya kuitaja, na kuyapakia yakivunwa kwenye magunia ya lumbesa, yaliyoshonewa kofia. Rejesho la leo limelipwa. Mavuno pia yamekwisha.

Kuna wakopeshaji wawili ambao mwongozo huu unalazimika kuwataja ingawa hawana mbwembwe. Wa kwanza ni kikundi. Mfumo wa VICOBA chimbuko lake ni Niger, kazi ya shirika la CARE mwaka 1991, ukaingia kwetu kupitia Zanzibar mwaka 2000, na leo ni vigumu kupata kitongoji cha Mbulu kisicho na kisanduku chenye kufuli tatu na akina mama watatu wenye funguo. Unanunua hisa kila wiki, unakopa hadi mara tatu ya hisa zako, na riba unayoilipa inarudi kwenye kisanduku na kugawiwa wanachama wakati wa kuvunja mwaka, wewe ukiwemo. Kiwango chako kinapangwa na watu wanaojua mbuzi wako ni wangapi na mumeo hunywa wapi. Kikundi hakileti ujumbe wa pongezi.

Wa pili ni halmashauri, inayokopesha ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba kabisa. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, na sababu ya kusimamishwa haikuwa siri: vikundi hewa, na vikundi vyenye watu ila marejesho ndiyo hewa.

Hapo ndipo tunafika kwenye elimu yenyewe, yaani ulipe nani kwanza. Wataalamu wa kwa shemeji wamegawanyika makundi mawili. Wengine wanasema maliza deni lenye riba kubwa, unaokoa pesa. Wengine wanasema maliza lililo dogo, unapata moyo. Mbulu na Hanang hawakusubiri wataalamu, wana yao ya tatu: unaanza kumlipa yule anayeweza kuja kupiga kelele mlangoni. Kausha damu huja akiwa na wenzake wawili na bodaboda ya kubebea, anaanza kuangalia godoro kabla hajasalimia. Huyo analipwa hata kwa kukopa. Programu ya simu inalipwa kwa sababu ya baba mkwe. Laini zinajikata zenyewe. Mama wa kopo hangoji kulipwa, anajilipa.

Kikundi kinasubiri. Mwenyekiti ni mke wa rafiki yako, unamwambia "wiki ijayo, dada," naye anaandika kwenye daftari kwa penseli. Halmashauri inasubiri zaidi, ile pesa si inasemekana ni ya Mama Rais? Kwa hiyo mkopo wa riba sifuri unalipwa mwisho au haulipwi, mkopo unaorudisha riba mfukoni mwako unalipwa nusu nusu, na wa asilimia 60 kwa mwezi unalipwa kwa wakati, pesa mkononi, na asante juu. Ukifanya hivyo pamoja na wenzako kwa miaka kadhaa, kikundi kitavunjika, halmashauri itafunga dirisha, na atakayebaki na mtaji wa kukukopesha ni yule wa bodaboda. Kisha utalalamika mnadani kwamba siku hizi hakuna mikopo nafuu, na watu wataafiki kwa kutikisa vichwa.

Limebaki suala la dhamana. Usiogope kama huna kiwanja, ng'ombe wanatosha. Mkopeshaji atapita kwako jioni wakati mifugo inarudi, ahesabu watano, na kukupandishia kiwango hapohapo. Kama ni mgeni kama wewe, hatauliza zaidi. Angekuwa mwenyeji angekumbuka kwamba Wairaqw na Wabarbaig tangu zamani hawakusanyi ng'ombe wote kwenye zizi moja. Wanawagawa kwa ndugu na marafiki mbalimbali wawatunze, ili ugonjwa au wezi wakija wasimalize ukoo mzima. Anayetunza anakunywa maziwa na kutia samadi shambani. Ng'ombe mwenyewe anabaki wa mwenyewe, hata akikaa kwako miaka kumi na watoto wako wakampa jina.

Kwa hiyo siku atakapokuja na kamba, mkaribishe chai na umtajie mmoja mmoja bila haraka. Huyu mwekundu ni wa mjomba, yuko Dongobesh. Hao wawili ni wa baba mkwe, na habari zako anazo, zilimfika kwa simu. Yule mwenye madoa ni wa mwalimu mwenzako, amemficha hapa asionwe na wadai wake. Aliye wako ni yule mwenye pembe moja, na wanakikundi wameshamwandika kwenye daftari, kwa penseli, ila wapo watatu wenye funguo.