Farasi 250 Kwenye Foleni ya Mwenge

Mtu anayekaa Goba na kufanya kazi Posta hana sababu yoyote ya kumiliki gari lenye turbo. Asubuhi foleni ya Makongo inamkabidhi kwa foleni ya Mwenge, ya Mwenge inamsindikiza hadi Morocco, na njia nzima mwendo wake unapimwa kwa wauza korosho: wangapi wamempita kwa miguu, na wangapi wamerudi kumuuliza kama sasa ameamua kununua.

Mimi ninalo. Ni la Kijapani, mtumba, namba D, milango mitano, cc 2000, la kukanyaga klachi, na lina tundu juu ya boneti. Kampuni siitaji. Waliosikia habari ya hilo tundu wameshajua, na wasiojua Mungu amewaepusha. Dalali alilisifia kuwa lina nguvu za farasi 250, akamalizia kwa ile kauli ya madalali wote wa mjini: "Hapa kaka ni wewe na mafuta yako tu." Kauli hiyo imethibitika kuwa ya kweli. Ni mimi na mafuta yangu. Wengine wote, dalali akiwa wa kwanza, hawapokei simu.

Bei ilikuwa chini ya ile ya IST ya umri uleule. Gari lenye nguvu zaidi ya mara mbili ya IST likiuzwa chini ya IST, ujue soko limeshasema neno lake. Wenye akili wanaogopa turbo, kwa hiyo inashuka bei mpaka inatufikia sisi wengine.

Lakini turbo yenyewe ni kitu cha akili sana, tusiionee. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliisajili hataza yake mwaka 1905, wakati Wajerumani ndio kwanza wanaanza kutandaza Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam. Moshi wa injini, ambao magari ya watu wastaarabu huutupa nje tu, hapa unapitishwa kwenye kifeni kinachoweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kifeni hicho kimeshikana kwa shafti moja na kifeni cha pili, ambacho kazi yake ni kushindilia hewa ndani ya silinda. Hewa ikizidi, petroli nayo inaongezwa, na injini ndogo inatoa nguvu za injini kubwa. Shafti yote hiyo inaelea kwenye utando mwembamba wa oili. Oili ikichafuka au ikiungua, turbo inakufa, na ikifa inaaga kwa moshi wa bluu utakaoonekana kuanzia Tegeta.

Fundi wangu, mzee mmoja wa Gerezani, haafikiani na kitabu cha gari. Kitabu kinataka oili ya 5W-30, sintetiki. Siku niliyompelekea galoni yake alimimina kidogo kwenye kiganja, akaisugua kwa kidole gumba, kisha akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, haya maji. Wajapani wana baridi. Sisi huku tuweke nzito."

Nikamweleza habari ya mizunguko 100,000 kwa dakika. Akaifuta mikono yake taratibu kwenye tambara.

"Nani alihesabu?"

Sikuwa na jibu. Akachukua nafasi hiyo kunisimulia Safari Rally ya miaka ya themanini, jinsi Toyota Celica za turbo zilivyoshinda 1984, 1985 na 1986 mfululizo, zikipita kwenye vumbi na matope bila kupepesa. Nikamuuliza, je, wale walikuwa wanaweka oili gani? Akasema yale yalikuwa mashindano, si gari la kwendea kazini. Kwa mara ya kwanza tukawa tumekubaliana.

Shida yangu kubwa, hata hivyo, si gharama. Kila gari lina gharama. Shida ni kwamba gari hili lina sifa ya kukimbia, na sifa hiyo inalitangulia kila mahali, hata pale ambapo lenyewe halijafika kwa sababu ya foleni. Ukiwa na gari la kawaida watu wanakuachia uendeshe. Ukiwa na hili, mtaa mzima ni wadau.

Tuanze na kidude cha kuchelewesha kuzima. Turbo ikitoka kazini ina moto mkali, kwa hiyo inashauriwa injini iachwe ingurume kidogo ili oili iendelee kupita na kuipoza. Aliyekuwa nalo kabla yangu hakuwa na subira ya kukaa na kungoja, akafunga kidude kinachofanya kazi hiyo: unachomoa funguo, unafunga mlango, unaondoka zako, gari linabaki linaunguruma, na baada ya dakika moja au mbili linajizima. Kidude kizuri mno, kama unaishi mahali ambapo watu hawajaliani.

Mlinzi wa ofisini alinikimbiza hadi kwenye lifti. Mama lishe wa jirani alimtuma mtoto. Nilieleza, wakaitikia, na kesho yake wakanikimbiza tena, kwa kuwa gari lililoachwa linaunguruma haliwezi kupitwa na mtu mwenye utu. Jumapili moja nilichelewa ibada, nikaegesha nje, nikaingia na kukaa nyuma. Kabla sijafungua kitabu cha nyimbo tangazo likasikika: mwenye gari la bluu lenye tundu aende nje, gari lake linaendelea kuwaka na ndani hamna mtu. Nilipofika limekwishajizima. Wazee wawili wa kanisa walikuwa wamesimama kando yake, mmoja mkono umeegemea boneti, macho ameyafumba.

"Usiogope," mwenzake akaniambia kwa sauti ya chini. "Limezimika lenyewe tulipoanza kuomba."

Ningewaeleza nini? Niliwashukuru.

Kuna na mwanamke. Kila ninapowasha gari, sauti ya dada mmoja wa Kijapani inatoka kwenye dashibodi, ya heshima kabisa, inasema maneno mawili matatu na kunyamaza. Wengi wenye magari ya mtumba wanaye, na wengi wanaamini anawaamkia. Kumbe analalamika. Anasema kadi ya ETC haijaingizwa, yaani ile kadi ya kulipia tozo kwenye barabara kuu za Japani bila kusimama. Sehemu pekee ambayo msaada wake ungefaa hapa mjini ni daraja la Kigamboni, na pale hawaitambui kadi yake. Redio nayo ilitengenezwa kwa ajili ya kwao, inaishia 90 FM, kwa hiyo stesheni nyingi za mjini nazisikia kutoka kwenye magari ya jirani.

Na ndani ya kifuniko cha tangi kuna karatasi nyekundu yenye maandishi ya Kijapani, inayodai petroli ya daraja la juu, ile ambayo kwao oktani yake haishuki chini ya 96. Kijana wa sheli anaifungua, anaisoma kwa makini kana kwamba anaelewa, halafu ananiuliza: "Ya elfu kumi kama kawaida?" Wengine wanasubiri Jumatano ya kwanza ya mwezi kujua EWURA imetangaza bei gani, mimi huwa najua siku mbili kabla, kwa kuota vibaya.

Mkasa ulionigharimu kweli ni wa mama mkwe.

Inabidi nieleze vali kwanza. Ukikanyaga mafuta, turbo inashindilia hewa. Ukiachia mafuta ghafla ili ubadili gia, ile hewa inakosa pa kwenda, na vali inafunguka kuipunguza. Kiwandani waliipanga irudi ndani kimyakimya. Lakini yule yule bwana wa kidude alibadilisha, akaweka vali inayotoa hewa nje kwa sauti. Sauti yenyewe ni ndefu, nyembamba, ya dharau, inaanzia kwenye meno na kuishia puani: tsyuuu. Vijana wa mtaani wanaiita muziki. Mtu mzima aliyelelewa Tanga anaijua kwa jina lake halisi, nayo ni msonyo.

Nilimpokea mama stendi ya Magufuli, Mbezi. Nikamwamkia, nikapakia kikapu chake cha machungwa, nikawasha gari. Dada wa Kijapani akasema yake.

"Salama, mwanangu, za hapa?" mama akaitikia. Kisha akanigeukia. "Nani huyo?"

"Ni gari tu, mama."

Hakusema kitu, ila niliona anakiangalia kiti cha nyuma.

Barabara ya Mbezi kwenda Goba ina vilima, na vilima vinataka gia. Mama alikuwa ananisimulia mgogoro wa shamba na mdogo wake. "Nikamwambia, hili shamba la marehemu baba haliuzwi." Nikabadili gia: tsyuuu. Akasita kidogo, akaendelea. "Nikasema mimi ndiye mkubwa, na neno langu ndilo la mwisho." Kilima kingine. Tsyuuu. "Mungu ndiye shahidi yangu..." Tsyuuu.

Mama akavuta kanga yake begani, akaangalia nje ya dirisha, na hakutamka neno hadi nyumbani. Mimi nami nilibanwa. Kumwambia mkwe wako "mama, siye mimi ninayesonya" ni kulitaja jambo ambalo hata kulitaja ni utovu wa adabu. Nikajaribu kuendesha bila kubadili gia. Tukapanda kilima cha mwisho na gia ya pili, injini inalia, mama ameshika mlango kwa mikono yote miwili.

Usiku mke wangu akaniuliza kwa upole unaotisha: "Mama anasema umemchoka. Ni kweli?"

Nikamweleza kila kitu. Akacheka, akamweleza mama, mama hakucheka. Asubuhi nikaamua kuthibitisha kwa vitendo. Nikamwomba asimame uani, nikawasha gari, nikapiga resi, nikaachia. Kimya. Gari likiwa limesimama injini haina mzigo, turbo haijazi hewa ya kutosha, na vali haina cha kutoa. Nikapiga resi tena kwa nguvu zaidi. Kimya. Mama alinitazama, akatazama gari, akarudi ndani. Siku ya kuondoka alisema asisumbuliwe mtu, ataita bajaji.

Masika nayo yalileta la kwake. Lile tundu la kwenye boneti si pambo; linapeleka hewa kwenye kipoozeo, maana hewa iliyoshindiliwa hupata joto, na hewa ya moto haifai injini. Lakini tundu linalopitisha hewa linapitisha na mvua. Ukisimama kwenye mataa, maji yanadondokea chuma cha moto huko chini, na mvuke mweupe unapanda juu ya boneti. Hauna madhara yoyote. Kazi ipo pale watu wanapouona.

Pale Mwenge, mvua inamwagika, dereva wa bajaji alikuwa wa kwanza kupiga kelele: "Bosi, gari linaungua! Toka!" Nikamwonyesha kwa mkono kuwa hamna neno. Akaelewa kuwa nimeshindwa kufungua mlango. Akaja kunifungulia. Muuza maji akatokea mbio, akang'oa kifuniko cha chupa, akaimimina yote kwenye tundu. Mvuke ukazidi. Akafungua ya pili. Mvuke ukazidi. Mvua ilikuwa inanyesha ndoo kwa ndoo juu ya gari hilohilo, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza chupa yake itaongeza nini. Mataa yakawaka kijani, nikamshukuru, nikataka kuondoka.

"Elfu moja na mia tano, kaka. Chupa tatu."

Nililipa. Ya tatu sikuiona ikimiminwa, lakini watu walikuwa wengi na wote walikuwa upande wake.

Trafiki nao tunaonana. Faini ya kosa moja barabarani ni shilingi 30,000, na kwenye eneo la 50 gari hili halijawahi kupata nafasi ya kufika 50. Bado nasimamishwa. Mara ya mwisho ilikuwa Barabara ya Bagamoyo, magari yote yanatambaa, afande akanichomoa mimi kwenye foleni. Akaangalia leseni, akaangalia mtungi wa kuzimia moto, akazunguka gari lote. Kisha akainama dirishani.

"Hizi gari zenu hizi." Akanyamaza. "Fungua boneti."

Nikafungua. Akasimama pale kitambo, mikono nyuma, na nilipotoka nikamkuta ana uso wa mtu aliyefika kuangalia mtoto mchanga. Akaniuliza inatembeaje, inakula lita ngapi, na kama nitauza nimkumbuke. Aliponirudishia leseni, foleni niliyokuwemo ilishafika Morocco.

Sasa nina ombi, na ni kwa vijana wa IST. Ninajua mnaliona tundu. Ninajua kumpita mwenye turbo ni habari ya kusimulia wiki nzima. Lakini mkinikuta kwenye mataa ya Sayansi, msinipigie resi, msishushe vioo, msihesabu kwa vidole. Nendeni tu. Oili yangu haijapata moto, petroli iliyomo ni ya elfu kumi, na mbele yetu sote kuna lori la mchanga.